Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanajumuiya, Mwaka 2023

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh wanajumuiya wote, sisi wenye asili ya Hadhramaut huko Yemen, mliofika na mlioshindwa, na nyinyi wa Wete na Chake ambao hamkuwahi boti, taarifa hii naitia kwenye grupu kama ilivo muisome kwa nafasi yenu.

Mambo ya kawaida nayapita mbio. Khitma ya wazee imesomwa, ritani zishapelekwa kwa mrajis, wanaolipa ada ni wale wale na wasiolipa ni wale wale mnajijua, hesabu kamili mweka hazina atazisoma nikimaliza mie. Wagonjwa tuliowachangia kwenda Dar wamerudi salama alhamdulillah isipokuwa bibi yetu mmoja wa Mwembetanga aliyetangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu.

Sasa nikae pale tulipogombana. Mnakumbuka Septemba grupu lilivowaka, siku zile ujumbe wa Wahouthi, hao wanaoushika mji mkuu Sana'a na kaskazini ya Yemen, umekwenda Riyadh kuzungumza na Wasaudi. Mmoja wenu akaleta barua anataka jumuiya itie saini kuilaani Saudia, mwengine akamjibu huyo huyo Saudia ndo anayelipa mishahara ya serikali ya Yemen iliyoko Aden, wa tatu akamtia Imarati (Falme za Kiarabu), mara watu wakaanza kutajiana koo na vijiji vya Wadi Doan kule Hadhramaut wakati wengine wenu hata Maskat hamjafika. Nikafunga grupu. Barua ile kamati haikuitia saini na haitoitia, na nadhani mna haki ya kuelezwa sababu yake kwa kirefu, si kujibiwa kimkato barzani Malindi na mtu ana kikombe cha kahawa mkononi.

Kwanza hili la kusema vita vya Yemen kaleta Saudia. Vita walianza wenyewe jamani. Ali Abdullah Saleh alishika nchi tokea 1978, watu wakamchoka 2011 wakatoka barabarani, na hapo ndo jirani, huyo Saudia, akaja na karatasi yake: makubaliano ya Saleh kuondoka yalitiwa saini Riyadh, Novemba 2011, akapewa na kinga asishtakiwe, kisha makamu wake Abd Rabbuh Mansur Hadi akapigiwa kura Februari 2012 akiwa mgombea peke yake. Yaani rais wa Yemen kapangwa nje kabla hata sanduku la kura halijafunguliwa. Lakini Septemba 2014 Wahouthi walipoingia Sana'a, waliowapisha ni askari wa Saleh yule yule aliyepigana nao vita sita huko Sa'ada kwao kaskazini, karudi kuungana nao kwa hasira za kutolewa madarakani, na walivomaliza kutumiana wakamuua Desemba 2017. Hayo Saudia hakuyafanya. Silaha za Iran kwa Wahouthi nazo hazikuja kwa upepo wa kaskazi, mtu alizipokea.

Alichofanya Saudia ni kuuchukua ugomvi wa nyumba ya jirani akaufanya wake. Rais Hadi alikimbilia Aden kisha Riyadh, na tarehe 26 Machi 2015 ndege zikaanza kupiga, walivohesabu wao vita ingekuwa ya wiki chache. Mpaka mwisho wa 2021 Umoja wa Mataifa ulikadiria waliokufa ni kama 377,000, na karibu asilimia 60 yao hawakuguswa na bomu wala risasi, ni njaa na maradhi na maji machafu. Bandari ya Hodeidah ndo inayoingiza sehemu kubwa ya chakula cha kaskazini, ukiikaba hiyo huna haja ya kurusha kitu.

Na tabia hii ya jirani ni ya zamani. 1934 walipigana, Yemen ikashindwa na Asir, Najran na Jizan zikabaki Saudia. 1962 mpaka 1970 kaskazini walipouana, Saudia alikuwa na watu wa Imamu, mfalme wa kaskazini, na Nasser wa Misri akaleta majeshi upande wa jamhuri, vita vya Waarabu wawili wakubwa ndani ya uwanja wa mtu mwengine. Halafu 1990, hii wazee wetu wanaijua bila kusoma: Yemen ilikataa kuunga mkono vita dhidi ya Iraq, Saudia ikabadilisha masharti ya vibali na Wayemeni kama laki nane wakarudi kwao ndani ya miezi michache, mtu kaacha duka Jeddah lina mali ndani. Zipo familia humu ukumbini zilizokuwa zikipokea barua na pesa kutoka Jeddah, na mwaka ule zikakatika kabisa.

Upande wa pili msisahau kuwa matajiri wakubwa kabisa wa Jeddah ni watu wa Doan, Bin Laden, Bugshan, Bin Mahfouz, hawa nao wameijenga Saudia na wamejenga skuli na barabara kwao Hadhramaut. Kwa hivyo mkinambia tumlaani Saudia nakuulizeni nimlaani yupi, aliyemfukuza ami yako au aliyemchimbia kisima?

Tuje kwenye pesa zetu mana hapa ndo siasa inapoingia mfukoni. Katika mkutano wa Shaabani kuna noti ilipitishwa mkono kwa mkono, rial 1,000 ya zamani kaja nayo kijana wetu aliyerudi, imechakaa mpaka maandishi hayaonekani na katikati imeungwa na selotepu. Wengine mlicheka. Hiyo ndo pesa ya Sana'a, wanaitumia hivo hivo mana Wahouthi wamepiga marufuku noti mpya zilizochapishwa na upande wa Aden. Benki kuu ilihamishwa kutoka Sana'a kwenda Aden Septemba 2016, tokea hapo nchi moja ina benki kuu mbili na rial mbili. Kabla ya vita dola moja ilikuwa kama rial 215. Mwisho wa 2023 Sana'a ilikuwa kiasi ya 530 na Aden imepita 1,500. Ukimtumia mtu wa Mukalla, mji mkuu wa Hadhramaut, na akataka kumpelekea dada yake Sana'a, zaidi ya nusu inaondoka njiani kwa hiyo tofauti na bado wakala hajachukua chake. Wakala wetu mmoja hapa mjini mwaka huu alitulipia ndugu zetu kwa bei anayoitaka yeye, tumeachana naye.

Na bei hiyo ya Aden nani anaishika? Saudia aliweka dola bilioni 2 benki kuu ya Aden 2018, rial ikapumua, zilipomalizika ikaanguka tena. Agosti mwaka huu wametangaza bilioni 1.2 nyengine. Serikali ile haina chengine, mana Oktoba 2022 Wahouthi walirusha droni bandari ya mafuta ya Dhabba, hapo hapo karibu na Shihr walikoondokea wazee wetu kuja huku, na tokea siku ile mafuta ya serikali hayauzwi nje. Kwa hivyo mama yako mdogo wa Shihr akienda dukani kununua mchele, bei anayoikuta inategemea Riyadh wameamka vipi. Wale mnaotaka tutoe tamko kali mkumbuke ndo hao tunaojaribu kuwafikishia pesa.

Hadhramaut yenyewe ilishapata afueni yake, tokea Al-Qaida walipotolewa Mukalla Aprili 2016 na majeshi yaliyofunzwa na Imarati, lakini mwaka huu nina wasiwasi nayo kuliko Sana'a. Mwezi wa Mei wale wa Baraza la Mpito la Kusini wanaotaka kusini ijitenge, na wanaobebwa na Imarati, walikwenda kufanya kikao chao Mukalla. Juni likatangazwa Baraza la Kitaifa la Hadhramaut, na limetangazwa wapi, Riyadh! Wakubwa wa Hadhramaut wamesafiri mpaka nchi ya jirani kukubaliana juu ya nchi yao. Mimi sisemi baraza ni baya, Mahadhrami wana haki ya kutaka mambo yao wayaendeshe wao, ila ninachokiona ni marafiki wawili waliokuja pamoja 2015 sasa kila mmoja ana kundi lake lenye bunduki na mshahara, na uwanja wao wa kupimana nguvu ndo huo wa kwetu. Mungu aepushe.

Mahra, mkoa wa mpakani na Oman, nayo hivo hivo, majeshi ya Saudia yapo tokea 2017, pale Ghaydah na mpakani, wenyeji wameandamana sana. Hili linatugusa mana vijana wetu wanaosoma Tarim kule Hadhramaut wengi wanapita Salalah ya Oman, wanavuka kwa basi mpaka wa Shahn. Wazazi, tafadhali, msimpeleke mtoto bila kututaarifu kamati, barua ya chuo awe nayo mkononi si ndani ya simu, na pesa asibebe zote yeye.

Habari njema zilikuwepo. Machi Saudia na Iran wakapatana Beijing, Aprili balozi wa Saudia Mohammed Al Jaber akaenda mwenyewe Sana'a kukaa na Wahouthi aliokuwa akiwaita waasi, wakabadilishana wafungwa karibu 900, na kusimama kwa mapigano kwa 2022 japo muda wake rasmi uliisha Oktoba ile kumeendelea kushika kiasi chake. Lakini angalieni waliokaa mezani: Saudia na Wahouthi. Serikali inayoitwa halali, Baraza la Uongozi la Rashad al-Alimi ambalo nalo liliundwa Riyadh Aprili 2022, inasikia kama tunavosikia sisi. Jirani anataka kutoka, na anatoka kwa mlango wake. Mimi nafurahi mabomu yamepungua wallahi, ila mkataba ambao mwenye nyumba hakuuandika simpi mtu matumaini nao.

Halafu vikaja vita vya Gaza, na kwa ajili hiyo Novemba 19 Wahouthi wakaiteka meli ya Galaxy Leader kwenye Bahari ya Shamu, makampuni makubwa yakaanza kuzungusha meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Wafanyabiashara wenu humu wenye mzigo wa Uturuki wananiuliza lini, mie si Hans Grundberg. Yeye mjumbe wa Umoja wa Mataifa alisema Desemba 23 kuwa pande zote zimekubali kuelekea ramani ya amani, Saudia nayo kimya, haikuingia kwenye kikosi cha majini cha Marekani, haitaki kuchokoza. Tuombe iendelee kunyamaza.

Kwa hivyo kamati imeamua hivi na naomba mpige kura leo. Jumuiya haitotia saini tamko la kumuunga mkono wala kumlaani Saudia, Imarati, Iran au kundi lolote la Yemen. Mtu kwa jina lake aseme anachotaka, picha ya jumuiya na muhuri asitumie. Pesa za msaada tutatuma kwa dola mkononi kupitia watu wetu wa Mukalla na Seiyun, hatutumi tena kwa rial, na wenye ndugu Sana'a watajiandikisha mbali kwa mweka hazina ili tutafute njia yao moja kwa moja. Anayekwenda hijja au umra akaombwa na mtu yeyote huko abebe mzigo au bahasha ya jumuiya, asibebe.

Nafasi ya katibu iko wazi, yeye kahamia Dubai. Majina mawili tunayo, anayetaka kuongeza la tatu aseme sasa kabla mweka hazina hajaanza kusoma.