Muuzaji wa waragi yumo kwenye kikundi chetu

Shangazi, salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Nimesoma majibu yako kwa wenzangu, leo na mimi yamenifika.

Nauza mitumba sokoni, na kila Alhamisi alasiri hujitolea kukaa na kikundi cha familia zenye mtu aliyezama kwenye pombe, bangi au mairungi (miraa). Si nesi, wala sikusomea ushauri. Niliombwa kwa sababu mdogo wangu alikunywa mpaka akang'oa mabati ya jiko la mama akayauza, na leo yuko stejini anaendesha boda, hagusi hata malwa, pombe yetu ya ulezi. Kazi yangu ni kusikiliza, kuwasindikiza watu kituo cha afya, na kurudia maneno ambayo wazazi hawapendi kuyasikia. Kwa mfano, mlevi wa miaka mingi usimfungie chumbani ukadhani unamtibu. Pombe ikikatika ghafla mwilini anaweza kutetemeka, kuweweseka, kuanguka degedege, hata kufa. Huwa hawaamini mpaka waone.

Mama Bena (jina nimembandika mimi) aliona. Alimfungia kijana wake, na siku ya pili yake akaanguka, povu mdomoni. Tulimpakia kwenye boda, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Alipona. Baadaye akapelekwa Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala, kwenye kitengo cha walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Kutoka huku ni karibu kilomita 200, na nauli, chakula na mtu wa kukaa naye vyote vilitoka kwa mama huyo. Nilimsifu mbele ya wenzake.

Kisha akaniita kwake. Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa la waragi, pombe kali ya kienyeji, juu ya moto, bomba la shaba limepita kwenye maji, na harufu ya molasi imeshika kila kitu, mpaka kanga zilizoanikwa. Alimimina kidogo kwenye kisahani, akawasha kiberiti, moto wa buluu ukapanda. "Hii ndiyo iliyompeleka Butabika," akaniambia, "na hii ndiyo inayosomesha dada zake." Aliwahi kuuza mukene (dagaa), lakini kijana aliiba mtaji wote. Vifuko vya waragi vilipopigwa marufuku mwaka 2019, wanywaji wakahamia kwa wanaopima kwa glasi, naye akaingia humo. Leseni hana, na huku kwetu sijui nani anayo.

Sasa sikiliza, Shangazi. Kwenye kikundi yupo mama mwingine ambaye mwanawe hunywa hapo hapo kwa Mama Bena. Yeye hajui. Kila kikao kikifungwa kwa dua, huomba kwa sauti: "Yule anayewauzia watoto wetu, Mungu amlipe." Na Mama Bena, macho chini, huitikia "Amina" na sisi wote. Mara ya kwanza nilidhani nitapiga kelele.

Wiki iliyopita mambo yamekaribia. Yule mama ametaja mtaa, na wenzake wanataka kwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ili pombe imwagwe na mwenyewe ashikwe. Mama Bena alibaki nyuma akanishika mkono, hakusema neno.

Waliotufunza sisi wa kujitolea walisema siri ya mtu hutunzwa, isipokuwa uhai ukiwa hatarini. Je, waragi ni hatari ya aina hiyo? Mwaka 2010 kule Kabale waragi yenye methanoli, kileo chenye sumu, iliua watu wengi, na mimi siwezi kuapa kwamba pipa la Mama Bena ni salama kwa kuwa moto wake ni wa buluu. Lakini nikisema, nani tena atafungua mdomo mbele yangu? Huku mmoja akisemwa asubuhi, jioni soko zima linajua. Tena huwa tunawaambia akina mama kwamba si wao walioleta ulevi wa watoto wao, na huwaona mabega yakishuka. Huyu nimwambie nini? Kwa mtoto wake labda ni kweli. Kwa mtoto wa mwenzake ulimi unakwama.

Mume wangu anasema niache kikundi, nijishughulishe na mitumba yangu. Nimemjibu kwamba sitaacha, na hilo silihitajii ushauri. Tena simuoni Mama Bena kuwa mwovu, hata kama mimi ndiye ninayemfuta machozi yule mama mwingine.

Nimefikiria kumwambia Mama Bena achague: aseme mwenyewe kikaoni, au angalau amkatalie kijana yule asimpimie tena, na asikanyage kikundini mpaka apate kazi nyingine. Lakini nikimwondoa, mwanawe akirudi kutoka Butabika atapokewa na pipa na mama asiye na mtu wa kumsemesha. Nimefikiria pia kuomba akiba ya kikundi imkopeshe mtaji, ila wataniuliza kwa nini yeye na si wengine, na jibu sina la kuwapa bila kutoboa siri.

Shangazi, nianzie wapi: kwa Mama Bena, kwa yule mama, au kwa waliotufunza? Na wakiniuliza uso kwa uso kama namjua muuzaji, nijibuje bila kusema uongo? Kwa LC1 wamepanga kwenda baada ya kikao cha Alhamisi ijayo, kwa hiyo nijibu hata kwa ufupi.

Mimi Msaidizi, Busia