Barua kwa mwanangu kabla ya mdahalo wa Ijumaa

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma hotuba ya ukoloni na Palestina utakayoitoa Ijumaa, na siwezi kuificha fahari niliyoipata nilipoona umemtaja Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyewapinga wakoloni, tena utamtaja mbele ya Waingereza. Hata hivyo, ukurasa wa mwisho umeninyima usingizi, pale unapowaambia Wayahudi wa Israel warudi walikotoka. Nakusihi usiliseme hilo. Umekulia Eldoret, yaliyotupata 2008, watu walipoambiwa warudi kwao, huhitaji kusimuliwa nami.

Kuhusu ukoloni hatuna ubishi. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliotafuta nchi ya Wayahudi, ardhi huku Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuja kuwa nyanda hizi hizi za Uasin Gishu, na kwenye mkutano wa Wazayuni huko Basel, Uswisi, wajumbe 295 dhidi ya 178 wakakubali watumwe watu waje kuikagua ardhi, Mnandi asiulizwe neno. Tamko la Balfour la 1917, lililoahidi kuunga mkono makao ya Wayahudi Palestina, lilitoka kwa Uingereza hiyo hiyo, likawaita Waarabu, waliokuwa ndio wengi wa wakazi wa Palestina, "jamii zisizo za Kiyahudi". Mwaka 1948 Wapalestina wapatao 700,000 wakapoteza makazi yao. Hayo yaseme bila kuyauma maneno.

Lakini mbona hukuyataja mauaji ya Wayahudi ya Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi, yaliyotokea miezi michache tu kabla ya mkutano ule? Mbona hukuandika kwamba wajumbe wa Urusi, ambao ndugu zao ndio waliokuwa wakiuawa, walitoka ukumbini kwa sababu walichodai ni Sayuni, yaani Palestina, na si shamba lolote la Mwingereza? Mlowezi aliyekuja huku alikuwa na Uingereza ya kurudia. Myahudi wa Baghdad, aliyevuliwa uraia akaondoka 1950 au 1951, unamwambia arudi wapi? Hilo halimpi haki ya kuchukua shamba la Mpalestina, na wala sitaki ulinyamazie shamba hilo. Ninachokuomba ni sentensi ile moja tu uiondoe.

Ubishi umeuanza utotoni, na mama yako, kila nikilalamika, hunitazama mimi.

Mahindi bado hayajakauka vizuri kwa sababu ya mvua, kwa hiyo karo ya mdogo wako itasubiri tuyauze. Mama anauliza kama koti ulilonunua linafaa kwa baridi ya huko. Ukurasa ule nitumie upya kabla ya Alhamisi, niusome.

Baba yako