Mbwa mzee anayenyonyoka manyoya apimwe, asisingiziwe msimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wafugaji wengi wa mbwa hapa Arusha, na nadhani kwingineko nchini, hulichukulia kijuujuu, nalo ni mbwa aliyekula chumvi nyingi anapoanza kunyonyoka manyoya. Kipupwe kinapoingia, kuanzia mwezi Juni, watu husema ni msimu tu, baridi ikiisha atarudia hali yake. Kwa mbwa kijana mwenye afya maneno hayo hayana madhara makubwa, lakini kwa mbwa wa miaka tisa au kumi yanaweza kuficha ugonjwa unaotibika hadi muda wa kuutibu upite.

Ni kweli kwamba mbwa hubadili manyoya kwa majira, ila kinachoongoza mabadiliko hayo hasa ni urefu wa mchana kuliko baridi au joto. Jijini London mchana wa mwezi Juni huuzidi ule wa Desemba kwa zaidi ya saa nane, na mwili wa mbwa wa huko hulitambua hilo kupitia macho na homoni, ukaangusha manyoya mazito ya ndani joto linapokaribia na kuyaotesha upya kabla ya baridi kali. Sisi tuko karibu na Ikweta. Hapa Arusha tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki nusu saa, na hata Dar es Salaam haifiki saa moja. Kwa sababu hiyo mbwa wetu wengi, pamoja na wale wenye asili ya Ulaya kama German Shepherd, ambao wana manyoya ya tabaka mbili, hunyonyoka kidogo kidogo mwaka mzima. Yapo vipindi vya kuzidi, kwa mfano jike hupukutika sana majuma kadhaa baada ya kuzaa, lakini unyonyokaji wa kawaida huenea mwilini bila kuacha upara. Ngozi ikishaonekana, hatuna sababu ya kuyataja majira.

Uzee nao una alama zake zisizo na hatari. Mvi huota puani na kuzunguka macho, manyoya huwa makavu na magumu kidogo, viwiko huota sugu, na mbwa mwenye maumivu ya viungo hushindwa kujigeuza ili ajilambe, kwa hiyo manyoya ya kiunoni na mapajani husokotana. Hayo yanahitaji kitana na mkono wenye subira, basi.

Mbwa wangu wa ulinzi, dume chotara wa German Shepherd, alipokuwa na miaka tisa alianza kupoteza manyoya ya mkia, kisha ukatokea upara ubavuni pande zote mbili, wa kulia ukifanana na wa kushoto kana kwamba umepimwa kwa rula. Hakuwa akijikuna. Ngozi ya mahali hapo ilikuwa nene, imeingia weusi, na ukiigusa ilikuwa ya baridi. Alinenepa ingawa chakula kilikuwa kilekile, na asubuhi hakunyanyuka mpaka jua lifike alipolala. Daktari wa mifugo alimkwangua ngozi akaangalia kwa hadubini, hakuona wadudu, ndipo akachukua damu ipimwe homoni. Jibu lilikuwa kwamba tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, imezorota. Alipewa vidonge vya levothairoksini, dawa ambayo hata binadamu hutumia ingawa kipimo cha mbwa ni tofauti kabisa, na baada ya miezi kadhaa manyoya yaliota tena. Kabla ya hapo karibu kila aliyemwona aliniambia ni baridi ya Meru.

Thairoidi si sababu pekee. Mbwa mzee anayekunywa maji kupita kiasi, anayekojoa mara kwa mara, ambaye tumbo limeshuka na ngozi imekuwa nyembamba, huenda mwili wake unatoa homoni ya kortisoli nyingi mno, na mara nyingi chanzo ni uvimbe mdogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Dume asiyehasiwa anaweza kupata uvimbe wa korodani unaotoa homoni za kike, akanyonyoka na chuchu zikavimba. Upele wa demodeksi, unaoletwa na utitiri wanaoishi ndani ya ngozi, ukimpata mbwa mzee ambaye hakuwahi kuwa nao, daktari hana budi kutafuta kilichoshusha kinga yake. Ule upele mwingine unaoanzia ncha za masikio na viwiko, wenye mwasho usiompa mbwa usingizi, huwaambukiza hata watu wa nyumbani.

Kinachoniumiza zaidi ni tiba za mitaani. Bado wapo wanaompaka mbwa oili chafu ya gari, wakiamini inaua upele. Oili hiyo huunguza ngozi iliyokwisha kudhoofika, na kwa kuwa mbwa hujilamba, huingia tumboni pamoja na sumu zake, kwa mnyama ambaye ini na figo zake huenda zimeshachoka. Wengine humwogesha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho, au humchoma sindano ya ivamektini ya mifugo, dawa ya kuua minyoo na wadudu, bila kujua kwamba mbwa wa jamii ya Collie na baadhi ya chotara wao wanaweza kufa kwa dozi ambayo wengine huistahimili. Wapo pia wanaomnyoa German Shepherd hadi kwenye ngozi ili apate nafuu ya joto, ilhali manyoya hayo ndiyo humkinga na jua, na kwa mbwa mzee yanaweza yasiote vizuri tena.

Chakula nacho kitazamwe. Unywele karibu wote umejengwa kwa protini, na mbwa anayelishwa ugali mtupu kwa miaka hawezi kuwa na manyoya mazuri hata akiwa hana ugonjwa. Dagaa na mabaki ya nyama havikosekani sokoni.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na kumwepusha na mateso. Najua vipimo vya homoni havipatikani kila wilaya na bei yake si ya kila mfuko, lakini kumkwangua mbwa ngozi na kuangalia kwa hadubini ni kazi ya dakika chache. Ombi langu kwa maofisa mifugo ni kwamba siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, wanyama wanapokuwa wamepangwa foleni, wale wazee wafunuliwe manyoya ya mgongoni na ubavuni, na mwenye mbwa aulizwe upara ulianza lini na maji anayokunywa yameongezeka au la. Kwako Mhariri, naomba ukurasa wako wa mifugo uwape madaktari nafasi ya kuwaeleza wasomaji madhara ya oili chafu kabla kipupwe kijacho hakijaingia.

Mfugaji wa mbwa,
Arusha