Malalamiko: Fimbo ya kuvulia yenye ncha zisizoingia

Malindi.

Kwa Meneja wa Mauzo,

MINT: FIMBO YA FUTI 10 NILIYONUNUA KWENU

Nawaandikia kwa sababu jibu mlilonipa kwa simu halikuniridhisha. Mlitangaza fimbo nyepesi ya kuvulia kwa kikapu cha chambo kwenye mito midogo, yenye ncha tatu za kubadilisha. Tatu zimekuja, ni kweli. Lakini mbili shina lake ni nene kuliko tundu la fimbo; linaingia kiasi cha ukucha kisha linagoma. Kijana wenu akaniambia nizipige msasa. Nipige msasa kitu kipya nilicholipia kabla hata ya kukiona?

Anayevua kwa fimbo hizi anajua kwamba ncha ndiyo kila kitu. Boya hakuna. Kikapu kinalala chini, pumba zinamwagika taratibu, na perege akidonoa kinachotikisika ni ile ncha. Maji yakitulia unatia laini, yakikaza unatia ngumu. Na Sabaki, mto wetu, haina tabia moja: kiangazi maji ni ya magotini (huku juu nivuako mimi, mlangoni pa mto nimewaachia viboko), mvua ikinyesha bara inashuka na tope mpaka bahari ya Malindi inabadilika rangi. Ncha iliyoingia ndiyo laini kuliko zote. Mkondo unaikunja kabla samaki hajasogea.

Na hiyo nayo pete ya juu, ya kupitishia mshipi, imechomoka. Mnasema nimerusha uzito kupita kiasi. Fimbo imeandikwa gramu 40. Kikapu changu kikijaa pumba zilizolowa nimekipima kwa mizani ya dukani, gramu 35. Isitoshe, pete haikuvunjika. Imetoka nzima, na gundi yake bado inanata kidoleni. Hilo ni kosa la kiwandani.

Kuirudisha Nairobi kwa gharama yangu, sikubali. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Nataka ncha tatu zinazoingia, au pesa zangu zote, na nauli ya mzigo iwe juu yenu. Nangoja jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi. Picha nimeambatisha.

Nashuku mlinitilia ncha za ile fimbo yenu nzito ya mito mikubwa. Mwulizeni aliyeinunua, huenda zangu anazo yeye.

Mteja wenu,
Malindi