Kwa nini gramu 10 za maziwa ya nyuki ni elfu 40, na kwa nini hatutumi tena bila barafu

Wiki iliyopita nimetumiwa tena ile voisi ya dakika nne. Safari hii ni dada wa Mwanza, mteja mstaarabu aliyekwisha kununua kwetu asali ya Manyoni mara tatu bila neno. Sasa ana hasira: maziwa ya nyuki tuliyomtumia ni machachu, yanakaba koo, yamekuwa ya njano kama samli na yananuka. "Kaka, elfu arobaini yangu umeila."

Nianze na uchachu, maana ndio unaoniletea kesi nyingi. Maziwa ya nyuki, au "roya jeli" kama mnavyoandika kwenye meseji, si asali na hayana utamu. Yana tindikali ya kutosha kukukunja uso, na yakigusa koo yanawasha kidogo. Yaliyo mazuri ni meupe yenye umanjano kwa mbali, mazito kama mtindi uliochujwa. Mtu akikuuzia yaliyo matamu, muulize ameweka nini. Na zile mbinu zenu za kupima asali kwa kiberiti, karatasi na sisimizi, huku hazina kazi. Maabara hutafuta asidi iitwayo 10-HDA, ambayo ndiyo alama ya maziwa haya, na kiwango cha kimataifa cha ISO kinataka isipungue asilimia 1.4 kwenye maziwa mabichi. Hata hivyo asidi hiyo haiharibiki upesi, kwa hiyo chupa iliyochoka kwa joto bado inaweza kufaulu kipimo hicho.

Kwenye rangi na harufu, dada ana haki. Ila turudi kwenye meseji zetu za siku ile. Nilimwambia boksi jeupe lile la samaki pamoja na chupa za maji yaliyogandishwa ni elfu tano. Akajibu: "Weka kwenye bahasha tu, basi ni la usiku, hakuna jua." Nikakubali, na hilo ni kosa langu. Bahasha ikalala kwenye buti kutoka Dodoma mpaka Mwanza, halafu ikakaa siku mbili juu ya kabati la ofisi ya basi kwa sababu mwenyewe alikuwa msibani Magu. Elfu tano aliyoiokoa ikamla elfu arobaini. Nimempa chupa nyingine kwa nusu bei. Nusu nyingine nimeibeba mimi, na mke wangu bado ananikumbusha.

Maziwa haya yanataka friji, nyuzi 2 mpaka 5, gizani, kifuniko kimekazwa. Ukitaka yakae miezi mingi, yagandishe. Friji ya kwenu ikizimwa usiku ili kuokoa umeme, nunua asali. Asali itakaa kabatini na wala haitakulaumu.

Sasa bei. "Nyuki si wanatengeneza bure?" Hili niliulizwa dukani na mzee mmoja ambaye namheshimu sana, nikashindwa kumjibu kwa ufupi. Mzee wangu, jibu lako ni hili.

Nyuki vibarua wachanga, wale walezi, hutoa maziwa haya kwenye tezi za kichwani. Kila buu hulishwa maziwa haya kwa siku zake tatu za mwanzo, kisha vibarua watarajiwa huachishwa na kupewa mchanganyiko wenye asali na chavua. Yule anayeandaliwa kuwa malkia ndiye anayeendelea nayo maisha yake yote. Yai ni lilelile, ila mmoja ataishi miaka na mwenzake wiki sita hivi za kazi. Nyuki hawaweki akiba ya maziwa haya kama wanavyoweka asali. Ukiyataka, lazima uwafanye waamini kwamba wanahitaji malkia wengi kwa mpigo.

Kwa hiyo tunachukua buu mwenye umri usiozidi siku moja. Ni mdogo kuliko mkato kwenye gazeti, kajikunja juu ya tone la maziwa. Unampitishia kijiti chembamba chini ya mgongo, unamnyanyua pamoja na tone lake, unamlaza kwenye kikombe cha nta kama alivyokuwa amelala. Ukimpindua, amekufa. Kitambaa chenye maji kinafunika fremu nzima, maana upepo wa Dodoma unamkausha kabla hujageuka. Asali tunarina usiku kwa sababu nyuki wetu mnawajua, lakini kazi hii inataka macho. Tunaifanya alfajiri kibandani, jasho ndani ya ovaroli, moshi machoni. Fremu inarudishwa kwenye mzinga ulioondolewa malkia, tunasubiri saa 72. Ukichelewa, buu anakuwa amekula faida yako.

Kikombe kimoja kikipokelewa vizuri kinatoa miligramu 200 hadi 300. Gramu 10 ni vikombe kama 40, na kila kimoja kinakatwa mdomo, kinatolewa buu wake kwa koleo dogo, kinachotwa kwa kijiko cha mbao, kisha maziwa yanachujwa kwenye kitambaa laini. Hayo ni kama nyuki wamekubali. Mwezi wa tisa mwaka juzi tuliweka vikombe 45, wakapokea 11. Mara nyingine kundi zima limehama, tukakuta mzinga mtupu na nondo wa nta wanasherehekea. Elfu 40 naiona ya upole.

"Mbona kule mjini kopo la vidonge 60 ni elfu kumi na tano?" Sehemu kubwa ya maziwa ya nyuki duniani inatoka China, wana makundi yaliyozoeshwa kazi hii na wanazalisha kwa wingi. Siwatukani, unga uliokaushwa kwa baridi ni bidhaa nzuri na unavumilia safari kuliko mabichi. Ila soma maandishi madogo. Kaka mmoja aliniletea kopo limeandikwa miligramu 1000 mbele. Nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani, ni unga miligramu 333, "sawa na" 1000 za mabichi. Hilo ni halali, kwa kuwa maji ni theluthi mbili hivi ya maziwa mabichi. Yeye alikuwa akilinganisha 1000 zile na 1000 zangu. Na ile asali "yenye roya jeli" isiyotaja gramu hata moja, hapo umenunua asali na sentensi.

Kuhusu dawa. Mwaka 1954 Papa Pius XII alipewa maziwa haya akiwa mgonjwa, na sifa zikaenea dunia nzima. Tangu hapo wauzaji wameyapa kila kazi: uzazi, presha, sukari, nguvu za kiume. Mimi nauza chakula. Tafiti zipo, nyingi ndogo, na hazijanipa ruhusa ya kumwambia mtu aache vidonge vya hospitali. Ukiniuliza dozi ya ugonjwa, nitakuelekeza kwa daktari hata kama nitakosa mauzo.

Tena kuna watu siwauzii kabisa. Mama mmoja alikuja na pesa mkononi akimnunulia mwanawe mwenye pumu "afunguke kifua". Nilikataa, akaniita mwenye majivuno, akaondoka. Australia vifungashio vya maziwa haya hulazimika kubeba onyo kwamba yamesababisha mzio mkali na, mara chache, vifo, hasa kwa wenye pumu na mzio. Ukiwa na pumu au mzio, au ukivimba ukiumwa na nyuki, usinunue. Anayetumia warfarin ya kuzuia damu isigande amuulize daktari wake kwanza, kwani imewahi kuripotiwa mgonjwa aliyetokwa damu baada ya kuchanganya.

Aliyeruhusiwa: kiasi cha punje ya harage asubuhi, chini ya ulimi, kwa kijiko cha mbao tunachoweka kwenye boksi. Usiyatie kwenye chai ya moto.

Mizigo ya mikoani inatoka Jumanne na Ijumaa. Kuanzia mwezi huu boksi na barafu vimo ndani ya bei, gramu 10 ni elfu 45 mpaka stendi. Ukiniomba niitoe hiyo elfu tano nitume kwa bahasha, nitakurudishia pesa yako yote. Na kabla sijapakia nitakupigia: kama hupo mjini siku ya kupokea, chupa inabaki frijini kwangu.