Picha na jezi mpya si usajili

Ndugu Mhariri,

Dirisha kubwa la usajili, yaani kipindi cha kusajili wachezaji kabla ya msimu, likikaribia, kurasa zenu za michezo hujaa majina. Beki wa kati kutoka Ghana anatua Msimbazi kwa Simba, winga wa Kongo yuko hatua za mwisho Jangwani kwa Yanga, kiungo wa Burkina Faso anasubiriwa Chamazi kwa Azam. Majina hayo hubishaniwa Kariakoo kutwa nzima, na sina ugomvi nayo, mashabiki tunayapenda. Ninachokikosa ni habari ya usajili wenyewe. Mchezaji husajiliwa kwa nyaraka, na nyaraka hizo zina utaratibu ulio wazi. Mwandishi akiufuata, tetesi nyingi zitakufa mezani kwake kabla hazijafika mtamboni, na zile zitakazobaki zitakuwa na maana kwa msomaji.

Swali la kwanza ni tarehe ya mwisho ya mkataba wa mchezaji huko aliko. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinamruhusu mchezaji wa kulipwa kusaini na klabu nyingine ikiwa mkataba wake umekwisha au umebakiza miezi 6 au pungufu ya hapo. Klabu inayomtaka inapaswa kuitaarifu kwa maandishi klabu yake ya sasa kabla ya kuanza mazungumzo naye. Kwa hiyo kiungo wa Simba, Clatous Chama, alipotambulishwa Yanga mwanzoni mwa Julai 2024, hapakuwa na ada ya kuilipa Simba: mkataba ulikuwa umekwisha. Mchezaji aliyebakiza miaka 2 ni habari nyingine kabisa. Huyo ananunuliwa, na mwenye kauli ni klabu inayommiliki, si wakala anayewapigia simu waandishi. Mkiandika "klabu imefikia makubaliano na mchezaji" bila kusema mkataba wake unaisha lini, hamjatuambia kitu.

Tumeshaona hasara ya kulipuuza jambo hili. Desemba 2022 kiungo Feisal Salum aliamua kuvunja mkataba wake na Yanga kwa kurudisha fedha, na mitaani ikaaminika kwamba yuko huru. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Suala hilo lilikuja kumalizika Juni 2023 alipokwenda Azam kwa makubaliano ya klabu. Miezi yote hiyo mabishano vijiweni yalikuwa juu ya mapenzi na usaliti, wakati jibu lilikuwa ndani ya vifungu vya mkataba.

Swali la pili ni nafasi. Kanuni za Ligi Kuu zimeruhusu klabu kusajili wachezaji wa kigeni 12. Klabu kubwa zetu huwa zimeshaijaza idadi hiyo, au zimebakiza nafasi moja au mbili. Kila jina la mgeni mnaloliandika lina mgeni mwingine anayepaswa kutoka, na huyo anayetoka ndiye mwenye gharama iliyofichika. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo klabu zetu zinapoumia.

Chukueni mfano wa mchezaji mwenye mkataba wa miaka 2 kwa mshahara wa dola 5,000 kwa mwezi. Baada ya miezi 10 kocha hamtaki, klabu inataka nafasi yake, anapewa barua ya kwaheri. Imebaki miezi 14, yaani dola 70,000. Kama hakuna sababu halali ya kumwacha na hakuna makubaliano yaliyosainiwa, mchezaji anakwenda kwenye chombo cha FIFA cha usuluhishi wa migogoro, na hesabu ya fidia kwa kawaida huanzia kwenye hiyo mishahara iliyobaki. Akipata timu nyingine inayomlipa dola 2,000 kwa mwezi kwa muda huohuo, dola 28,000 zinaweza kupunguzwa, na klabu ikabaki na deni la 42,000. Juu yake kuna malimbikizo ya nyuma, kama yapo, na riba.

Hukumu ikishatoka, klabu ina siku 45 za kulipa. Ikishindwa, FIFA inaifungia kusajili wachezaji wapya, wa ndani na wa nje, mpaka ilipe. Kifungo hicho kinaweza kufika madirisha 3 mfululizo. Habari ya "klabu fulani yafungiwa kusajili" huandikwa kama radi iliyopiga ghafla. Haijawahi kuwa ghafla. Kabla yake kulikuwa na barua ya madai, kesi, utetezi, hukumu na hizo siku 45. Mwandishi anayefuatilia angeuliza wiki ileile mchezaji alipoachwa: mmeachana kwa maandishi? Amesaini kwamba hana madai? Mnamlipa kwa awamu ngapi, na ya mwisho ni lini?

Mshahara nao una saa yake. Mchezaji akikaa miezi 2 bila kulipwa, anaweza kuiandikia klabu notisi ya siku 15 alipwe chote. Siku hizo zikipita bila malipo, ana sababu halali ya kuondoka, na fidia inabaki palepale. Ndiyo maana mchezaji "aliyegoma" au "aliyetoroka kambini" asiandikwe kama mtovu wa nidhamu kabla mwandishi hajauliza habari za mshahara.

Vipimo vya afya vinaandikwa kana kwamba ni sherehe ya kupiga picha. Kanuni hairuhusu uhalali wa mkataba utegemee mchezaji kufaulu vipimo au kupata kibali cha kazi. Maana yake ni kwamba klabu ikimsainisha mtu Jumatatu na kumpeleka hospitali Jumatano, halafu picha ya goti ikaonyesha gegedu limelika, mkataba unasimama na mshahara unalipwa. Vipimo vinatangulia wino: moyo kwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na kipimo cha mawimbi ya sauti, magoti na vifundo kwa picha za MRI pale penye historia ya kuumia, na taarifa za majeraha kutoka klabu anakotoka. Dar es Salaam haina upungufu wa mahali pa kufanyia hayo. Muhimbili peke yake ina taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete na taasisi ya mifupa, MOI. Kibali cha kazi na kibali cha ukaazi cha daraja B navyo vianze kushughulikiwa mapema. Klabu ikichelewa, inabaki na mchezaji inayemlipa lakini hawezi kucheza.

Halafu kuna siku ya mwisho. Mchezaji anayetoka nje ya nchi hupita kwenye mfumo wa FIFA wa mtandaoni wa uhamisho uitwao TMS. Akiwa amenunuliwa, klabu mbili huingiza taarifa kila moja upande wake, na zikitofautiana, iwe tarehe au kiasi cha fedha, uhamisho unakwama mpaka zilingane. Zinapakiwa nakala za mkataba mpya, makubaliano ya klabu na klabu, pasipoti, uthibitisho wa kwisha kwa mkataba wa mwisho, na tamko lililosainiwa kwamba hakuna mtu wa tatu anayemiliki haki za kiuchumi za mchezaji, jambo ambalo FIFA ililipiga marufuku mwaka 2015. Baada ya hapo TFF ndiyo inayoomba hati ya uhamisho wa kimataifa, ITC, kutoka shirikisho la nchi anakotoka. Klabu haimwombi mtu hati hiyo, wala mchezaji haji nayo mkononi.

Jambo la kushika ni kwamba maombi ya ITC lazima yawe yamefanyika ndani ya dirisha. Dirisha likifungwa saa 5:59 usiku, klabu iliyokamilisha kupakia nyaraka zake saa 5:50 imewaachia watu wa shirikisho dakika 9. Karatasi inayokosekana mara nyingi ni moja: ule uthibitisho wa kwisha kwa mkataba wa zamani, ambao klabu anakotoka haina haraka ya kuutoa, hasa kama ina kinyongo. Mwanya upo kwa mchezaji ambaye mkataba wake ulikwisha kabla ya dirisha kufungwa: shirikisho linaweza kumsajili hata baadaye. Aliyekuwa na mkataba siku ile hana mwanya huo. Anasubiri dirisha dogo la katikati ya msimu. Na klabu inayocheza michuano ya Afrika isisahau kwamba CAF, shirikisho la soka la Afrika, ina orodha na tarehe zake. Kuingia kwenye kikosi cha ligi hakumwingizi mtu moja kwa moja kwenye Ligi ya Mabingwa au Kombe la Shirikisho.

Kuna kipande kingine ambacho sijawahi kukiona kikiandikwa sawasawa, nacho kinahusu timu za Mbagala, Manzese na Tandika. Mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine wakati mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 unalipwa asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 asilimia 0.5. Kijana akiuzwa dola 200,000, klabu iliyokaa naye misimu 3 kuanzia miaka 16 inastahili dola 3,000. Kwa timu ya daraja la chini hizo ni mipira, jezi na nauli za msimu mzima. Mshambuliaji Mbwana Samatta alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, mgao wa aina hiyo ulihusu pia klabu alizopitia hapa nyumbani kabla ya kwenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011.

Tangu Novemba 2022 malipo hayo yanapitia kituo cha FIFA kilichoko Paris, na kituo hicho kinasoma pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu alizosajiliwa tangu utotoni. Timu ya mchangani ambayo haikuwahi kumsajili kijana kupitia chama cha mpira cha wilaya haimo kwenye kumbukumbu hiyo, hata kama mtaa mzima unajua ndiko alikojifunzia. Mchezaji akiondoka bure mkataba ukiwa umekwisha, hakuna ada, kwa hiyo hakuna mgao wa ile asilimia 5 kwa yeyote. Tarehe ya mwisho ya mkataba inamgusa hata kocha wa watoto wa Tandika.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Chini ya kila jina mnalolitaja msimu huu wekeni mistari minne: mkataba wake unaisha lini, nani anatoka ili yeye aingie, ITC imeombwa au bado, na klabu alizokulia. Mkishindwa kupata jibu la mstari mmoja, andikeni kwamba klabu imekataa kujibu na mtaje mliyemuuliza. Dirisha likifungwa, chapeni orodha kamili ya waliosajiliwa kama ilivyopitishwa, klabu zote 16, pamoja na timu za mikoani ambazo huwa mnazipa aya moja. Nafasi ya kuichapa ipo. Picha za wachezaji wakishuka uwanja wa ndege zinachukua nusu ukurasa.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam