Misafara ya matibabu ije na wauguzi wabobezi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niizungumzie misafara ya matibabu inayotujia Pemba kutoka nje. Ugeni huu tumeuzoea, kwani madaktari wa China wanakuja Zanzibar tangu 1964. Hata hivyo, tunatangaziwa madaktari bingwa tu, ilhali Marekani ilianza mwaka 1965 kuwasomesha wauguzi wabobezi, ambao leo humpima mgonjwa, hutambua maradhi na kumwandikia dawa.

Mgonjwa wa presha au kisukari wa Micheweni hahitaji kisu. Anahitaji mtu wa kukaa naye, kumfahamisha dozi yake na kumpangia siku ya kurudi, na kazi hiyo muuguzi wa aina hii angeifanya bega kwa bega na muuguzi wetu, ambaye ndiye atakayebaki na wagonjwa baada ya wageni kuondoka. Mama yangu alipewa na wageni (wapole mno, nakiri) dawa za mwezi mmoja. Mwezi wa pili hatukumpata wa kutwambia aendelee na nini.

Naiomba Wizara ya Afya, inapokubaliana na wageni hao, iwatake waje na wauguzi wabobezi, na mapema ieleze ni dawa gani wataruhusiwa kuandika hapa kwetu.

Msomaji wako,
Wete, Pemba